Kiti Katika Safari ya Kwanza

Jioni ya tarehe 6 Februari 1952, ndege aina ya Dakota, mali ya Shirika la Ndege la Afrika ya Mashariki, iliondoka katika kiwanja cha Nanyuki ikaelekea Entebbe. Ndani yake alikuwamo mwanamke wa miaka ishirini na mitano ambaye usiku uliotangulia alilala juu ya mti, katika nyumba ya Treetops iliyo msituni karibu na Nyeri. Alipanda mti ule hali ni binti mfalme. Na mchana wa siku ya pili, katika nyumba ya Sagana, akaambiwa na mumewe kwamba baba yake amefariki, na kwamba sasa yeye ndiye Malkia wa Uingereza. Habari hiyo inajulikana na kila mtoto wa shule wa Nyeri, na hoteli za huko zimeuza chai nyingi kwa sababu yake. Lisilosemwa sana ni jambo la kiti. Malkia huyo hakupanga foleni wala hakuuliza nauli, ndege ilimngoja yeye. Hata hivyo alipofika Entebbe ili aingie katika ndege kubwa ya kwenda London, mvua ya radi ilimzuia kwa muda wa saa kadhaa, maana radi haijui mtu mkubwa wala mdogo.

Miezi mitatu ilikuwa haijatimia tangu jioni ile, na katika kiwanja hicho hicho cha Entebbe ikatua ndege ya namna ambayo dunia ilikuwa haijapata kuiona ikichukua abiria wa kulipa. Jina lake Comet. Haikuwa na rafadha, yaani zile panga zizungukazo mbele ya injini. Ilisukumwa na moto wa jeti nne zilizofichwa ndani ya mabawa, ikaenda kwa mwendo wa karibu maili 490 kwa saa. Ilikuwa imeondoka London alasiri ya Ijumaa tarehe 2 Mei 1952, chini ya rubani mkuu A. M. Majendie, ikapitia Roma, Beirut na Khartoum, ikafika Entebbe, kisha ikaendelea hata Livingstone na kumaliza safari yake Johannesburg siku ya pili yake. Mwendo wote ulikuwa maili zipatazo 6,700, nayo ikaukata kwa muda usiotimia saa ishirini na nne, pamoja na saa zote ilizosimama kutia mafuta na kubadili marubani. Hiyo ndiyo safari ya kwanza ya abiria katika ndege ya jeti duniani, na sehemu yake kubwa ilikuwa juu ya anga la Afrika.

Msomaji atauliza kwa nini ilitua Uganda, isitue Nairobi, ambako walikaa wakubwa wengi na biashara nyingi. Sababu si heshima, ni hewa na ardhi. Nairobi iko juu sana, zaidi ya futi 5,000, na mahali palipo juu hewa ni nyepesi. Ndege nzito ikitaka kuruka katika hewa nyepesi, tena mchana wa jua kali, hulazimika kukimbia mbali zaidi ardhini kabla ya mabawa kuibeba. Ndege ya majaribio ya Comet ililetwa Nairobi mwaka wa 1950 kupimwa kwa sababu hiyo hiyo. Kiwanja cha Eastleigh hakikutosha. Entebbe, iliyo chini zaidi kando ya ziwa, ilikuwa imekwisha kutengenezewa njia ya kurukia ya yadi 3,300, na kiwanja hicho kipya kikafunguliwa Novemba 1951, miezi michache tu kabla ya Comet kuja. Basi ikawa mtu wa Kenya aliyetaka kuipanda ndege mpya ilimpasa kwanza atafute ndege ya zamani ya kumfikisha Entebbe.

Viti katika safari hiyo ya kwanza vilikuwa 36 tu. Nauli ya London hata Johannesburg ilikuwa pauni 175 kwa kwenda, na pauni 315 kwa kwenda na kurudi. Mmojawapo wa walioketi humo alikuwa Alex Henshaw, rubani wa Kiingereza aliyejulikana kwa kuwa mwaka wa 1939 aliruka peke yake kutoka Uingereza hata Cape Town na kurudi kwa muda wa siku nne na saa chache. Mtu kama huyo angaliweza kukaa nyumbani akasimulia yake. Lakini yeye alikata tikiti mapema, akaja kuketi nyuma kama abiria wengine, mikono mitupu, akiendeshwa. Yaelekea wako watu ambao hawawezi kusikia kwamba kitu kipya kinaondoka mahali fulani, nao wasiwemo.

Pauni moja ilikuwa shilingi ishirini za Afrika ya Mashariki. Nauli ya kwenda, basi, ilikuwa shilingi 3,500. Karani aliyepata shilingi 200 kwa mwezi, na wengi mno hawakuzipata, angalilazimika kuweka mshahara wake mzima kwa muda wa miezi kumi na saba na nusu, bila kula, bila kuvaa, bila kulipa kodi wala karo ya mtoto. Mkulima wa Tetu au wa Mathira hakuwa na njia nyepesi zaidi. Mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954, uliowafungulia Waafrika wengi mlango wa kahawa, ulikuwa bado haujatungwa. Mazao yake yalikuwa mahindi, maharagwe, viazi na magome ya miwati, na hakuna anayepanda ndege kwa magome ya miwati. Hata tukio la ajabu likimpatia fedha hizo, angaliambiwa alete hati ya kusafiria, nayo haikutolewa kama stempu katika posta. Tena mwisho wa safari hiyo ulikuwa Afrika Kusini, nchi ambayo tangu mwaka wa 1948 ilikuwa ikiandika ubaguzi katika sheria moja baada ya nyingine, na ambayo haikuwa ikimtazamia mgeni wa rangi yake kwa mkono wa ukarimu.

Kwa hiyo kiti alichokijua mtu wa Nyeri mwaka ule kilikuwa cha gari la moshi, daraja la tatu, kuanzia Kiganjo, kwa sababu reli iendayo Nanyuki haiingii mjini Nyeri. Au kiti cha basi, katikati ya magunia, kwa njia ya Karatina na Sagana.

Tamaa ya kiti cha kwanza, hata hivyo, si ya Wazungu peke yao wala ya matajiri peke yao. Katika vijiji vya Othaya na Mukurwe-ini wamo watu wa namna hiyo. Basi jipya likiletwa barabarani, hakosi kuwako mzee asiye na safari yoyote ambaye atalipanda hata Karatina na kurudi nalo, apate kusema kesho yake kwamba alilipanda likiwa bado linanuka rangi. Jirani zake watamcheka, lakini watamwuliza maswali. Na katika maswali hayo ndimo ilimo faida ya nauli yake.

Makampuni ya ndege yameitambua tamaa hiyo na kuifanya biashara. Ndege kubwa kupita zote, Airbus A380, ilipofanya safari yake ya kwanza ya abiria kutoka Singapore hata Sydney tarehe 25 Oktoba 2007, shirika la Singapore Airlines halikuuza viti vyake dirishani. Lilivinadi kwa mnada, na fedha zikapewa mashirika ya kusaidia wagonjwa na maskini. Mwingereza mmoja aliyekaa Sydney alitoa zaidi ya dola 100,000 za Marekani kwa ajili ya nafasi mbili za daraja la juu. Miaka minne baadaye, Oktoba 2011, baadhi ya viti vya Boeing 787 katika safari yake ya kwanza, kutoka Tokyo hata Hong Kong, vilinadiwa vivyo hivyo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza; lakini katika jambo hili mnunuzi hakujua kama ni chema au ni kibaya, maana hakuna aliyekwisha kukitumia. Alichokinunua ni neno “kwanza”.

Na neno hilo laweza kumchelewesha mtu. Jioni ya tarehe 21 Januari 1970, huko New York, abiria zaidi ya 300 waliingia katika Boeing 747 ya kampuni ya Pan American, ndege mpya yenye ukubwa ambao watu walikuwa hawajapata kuuona, iwapeleke London. Injini moja ikapata joto kupita kiasi kabla haijaruka. Wakateremshwa, wakangoja, ikaletwa ndege nyingine ya namna ile ile, nao wakaondoka usiku wa manane umekwisha kupita, wakiwa wamechelewa zaidi ya saa sita. Abiria wa basi la Meru aliyepata kukaa kando ya barabara huko Chuka akingoja gurudumu lizibwe angaliwaelewa vizuri sana.

Kwa kawaida watu husema kwamba akubaliye kupanda safari ya kwanza ni jasiri, kwa kuwa anajaribiwa chombo. Na kwamba mwenye busara hungoja wengine watangulie, naye hufuata mambo yakiisha kuwa salama. Wazee wengi watakubali shauri hilo bila kufikiri. Lakini habari ya Comet inaonyesha kinyume, na inafaa ielezwe polepole.

Ndege ya jeti hupenda kuruka juu sana, maana huko hewa ni nyepesi na mafuta huliwa kidogo. Comet ilipanda futi 35,000 na zaidi, ambacho ni zaidi ya mara mbili ya kimo cha Mlima Kenya. Yeyote aliyepata kupanda hata Lenana anajua jinsi pumzi inavyokuwa haba pale. Basi katika kimo maradufu ya hicho mtu asingeishi. Kwa hiyo hewa hushindiliwa ndani ya ndege kama pumzi ndani ya mpira, ili abiria wavute hewa kama walio chini. Kila ndege ilipopanda, ganda lake la alumini lilivimba kidogo sana, kiasi kisichoonekana kwa macho. Na kila iliposhuka, lilinywea. Kupanda na kushuka, kuvimba na kunywea, kila siku.

Mkulima anayejenga ua wa seng'enge anajua jambo ambalo mafundi wa Comet hawakulipima sawasawa. Akikosa koleo la kukatia waya, huushika kwa vidole akaukunja huku na huku. Mara ya kwanza waya haudhuriki, na mara ya tano hali kadhalika, wala haujatoa dalili yoyote; mara ya ishirini unakatika ghafula. Waya umechoka. Ganda la Comet lilichoka vivyo hivyo, na lilichoka kwanza penye pembe za matundu yaliyokatwa ndani yake, kama madirisha, kwa kuwa nguvu yote ya kuvimba ilikusanyika penye pembe hizo.

Tarehe 2 Mei 1953, mwaka mmoja kamili tangu safari ya kwanza, Comet moja ilivunjika katika tufani ilipokuwa ikiondoka Calcutta, na watu wote 43 wakafa. Lawama ikawekwa juu ya tufani. Tarehe 10 Januari 1954 Comet nyingine iliondoka Roma kwenda London, ikapasuka juu angani karibu na kisiwa cha Elba, wakafa watu 35. Hiyo ilikuwa ndege yenye alama G-ALYP. Na ndiyo ile ile, si nyingine, iliyopita Entebbe na abiria wa kwanza Mei 1952. Safari zikasimamishwa, zikaanza tena Machi, na tarehe 8 Aprili ikaanguka Comet ya tatu baharini, kusini ya Naples, na watu 21. Ndipo ndege hizo zikanyang'anywa ruhusa ya kuruka kabisa.

Waingereza walifanya jambo la akili na la subira. Waliichukua Comet moja nzima, wakaitia ndani ya tangi kubwa la maji huko Farnborough, mabawa yakitokeza nje, wakawa wanaijaza maji kwa nguvu na kuyapunguza, mchana na usiku, kila mara ikihesabiwa kuwa ni safari moja. Safari zake za kweli zilikuwa 1,221. Baada ya kuongezwa nyingine 1,836 za tangini, ganda lilipasuka penye pembe ya tundu. Wapiga mbizi na wavuvi walikuwa wakiokota vipande vya G-ALYP katika bahari ya Elba, na katika kipande kimoja cha paa ukaonekana mpasuko wa namna hiyo hiyo. Ndege ile ilikuwa imevimba na kunywea kiasi cha mara 1,290 kabla ya kupasuka.

Basi wale 36 wa safari ya kwanza waliketi ndani ya alumini mbichi iliyokuwa haijachoka. Aliyeketi katika kiti hicho hicho miezi ishirini baadaye, akijisifu kwamba yeye ni mtu wa busara aliyengoja wengine wajaribu, ndiye aliyekuwa katika hatari. Wala hapakuwa na njia ya yeye kujua. Fundi aliyeitazama ndege asubuhi ile hakuona ufa.

Katika miezi ile ile ambayo Comet ilikuwa ikipita Entebbe, watu wa Nyeri walikuwa wakiona ndege nyingi kuliko walivyozoea, lakini hazikuwa ndege za kukatia tikiti. Hali ya Hatari ilitangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Huko Mweiga, mwendo mfupi kutoka mjini Nyeri, zikawekwa ndege ndogo aina ya Harvard zilizoruka kila siku kwenda kutupa mabomu katika msitu wa Nyandarua na wa Mlima Kenya. Na kutoka Eastleigh zikaja Lincoln, ndege kubwa za vita, zikifanya kazi hiyo hiyo. Nyingine zilimwaga karatasi za kuwataka wapiganaji watoke msituni, nyingine zikawaita kwa vipaza sauti kutoka juu. Mtoto wa Kiganjo au wa Naro Moru aliyezaliwa miaka ile alijifunza kutambua ndege kwa mlio kabla ya kujifunza kusoma. Nyumba ya Treetops yenyewe, alipolala binti mfalme, iliteketezwa kwa moto mwaka wa 1954.

Kiti cha basi nacho kikawa kigumu. Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuweza kutoka wilaya yake kwenda Nairobi pasipo karatasi ya ruhusa. Na karatasi hiyo ilikaguliwa njiani, tena zaidi ya mara moja. Palikuwa na watu waliolipa nauli, wakaketi, kisha wakateremshwa kabla ya kufika Thika. Mtu anaposoma leo juu ya wale walionunua nafasi kwa maelfu ya dola, si vibaya akumbuke kwamba kulikuwako na mwaka ambao nafasi ya kwenda maili tisini kumzuru ndugu ilitegemea mhuri.

Lakini mikono ya watu hao hao ndiyo iliyoileta jeti Nairobi. Kwa kuwa Eastleigh haikufaa, Serikali ilikusudia kujenga kiwanja kipya katika mbuga ya Embakasi, na kazi kubwa ya kukichimba na kukisawazisha ikafanywa na maelfu ya wafungwa na watu waliotiwa kizuizini kwa ajili ya Hali ya Hatari, wengi wao wakiwa wametolewa katika wilaya zinazouzunguka Mlima Kenya. Walikwenda Embakasi bila kukata tikiti, wakilindwa na askari wenye bunduki, wakapewa sururu, majembe na matoroli. Kiwanja kikafunguliwa Mei 1958 na Gavana, Sir Evelyn Baring. Hotuba zilizosomwa siku za namna hiyo huwataja wahandisi, na ni haki wahandisi watajwe. Ila hakuna mhandisi aliyeisawazisha mbuga ile kwa kalamu.

Miaka miwili baadaye Shirika la Ndege la Afrika ya Mashariki likapata Comet zake lenyewe. Hizi zilikuwa za namna ya nne, ganda lake nene zaidi, madirisha ya mviringo yasiyo na pembe, kila somo la Farnborough likiwa limetiwa ndani. Zilianza kuchukua abiria kwenda London mwezi wa Septemba 1960, na barabara waliyoichimba wafungwa ikawa ndiyo njia yao ya kurukia. Abiria waliokuwamo katika safari hizo za mwanzo walikuwa hasa watumishi wa Serikali waendao likizo, wenye mashamba, wafanya biashara, na wake zao. Kiti kilikuwa wazi kwa kila mtu aliyeweza kulipa, yaani kilikuwa wazi kama vile mlango wa benki ulivyo wazi.

Mwezi huo huo wa Septemba 1960, hata hivyo, vijana wa nchi ya Mlima Kenya walikuwa wakitafuta viti vya namna nyingine. Mwaka uliotangulia, Septemba 1959, Bwana Tom Mboya, pamoja na Dakta Gikonyo Kiano na rafiki zao wa Marekani, walikuwa wamepeleka ndege ya kwanza ya wanafunzi kutoka Nairobi hata New York, viti 81. Haikuwa ndege ya jeti, wala haikuwa mpya. Ilikuwa ya kukodi. Lakini kwa karibu kila mtu aliyekuwamo ilikuwa ndiyo safari ya kwanza angani, na kwa jamaa zake wote, tangu babu hata mjukuu, ilikuwa ya kwanza.

Kiti humo hakikupatikana kwa mnada. Kijana alitakiwa kwanza apate barua ya chuo cha Marekani inayosema amekubaliwa na atasaidiwa karo. Na barua hiyo ilitafutwa kwa kuandika nyingine nyingi, kwa mwandiko mzuri, jioni baada ya kazi, kwa taa ya mafuta ya taa. Kisha alitakiwa kuonyesha fedha za matumizi. Hapo ukoo mzima ulikalishwa chini. Ikafanywa karamu ya chai, mmoja akatoa shilingi tano, mwingine akauza mbuzi, mwalimu akatoa sehemu ya mshahara wake, mama mmoja akafungua kitambaa kilichofungwa fundo tangu mavuno. Kisha hati ya kusafiria, kisha daktari, kisha suti. Wakubwa wengine wa Serikali hawakuupenda mpango huo, wakisema Makerere yatosha. Lakini nafasi za Makerere zilikuwa chache, na waliofaulu walikuwa wengi kuzipita. Mwaka wa 1960 fedha za kukodi ndege zilipopungua, jamaa ya Seneta John Kennedy, aliyekuwa akigombea urais wa Marekani, ilitoa dola 100,000 kutoka katika mfuko wake wa hisani, na ndege zikaendelea.

Miongoni mwa waliopata kiti mwaka huo alikuwa msichana wa miaka ishirini kutoka Ihithe, wilaya ya Nyeri, aliyesomeshwa na masista wa Mathari na kisha Loreto, Limuru. Jina lake Wangari, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Wangari Maathai, aliyepanda miti na kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka wa 2004. Wakati ule hakujulikana na mtu nje ya shule yake. Alikuwa hajapata kuingia katika ndege. Ndege waliyopanda ilipaswa kutua mahali kadha wa kadha kutia mafuta kabla ya kuivuka bahari. Ilhali Oktoba 2018 Kenya Airways ilipoanza safari yake ya kwanza ya moja kwa moja kutoka Nairobi hata New York, mwendo huo ukawa wa saa kumi na tano bila kutua popote, na mfanya biashara wa soko la Karatina aliweza kukata tikiti yake kwa simu akiwa amesimama kando ya magunia yake ya viazi.

Kutoka New York iliwapasa Wangari na mwenziwe waendelee hata Kansas, kilipo chuo chao, na mwendo huo waliufanya kwa basi, siku mbili, wakitazama mahindi dirishani. Njiani, katika jimbo la Indiana, basi lilisimama abiria wapate kunywa kitu. Wasichana hao wakaingia dukani, wakaagiza soda. Wakaambiwa kwamba kuuziwa wataweza, ila ndani ya duka hilo hakuna kiti chao; wakanywee nje.